Raba Nyeupe Mtoni Mikuyuni

Jumapili, 16 Oktoba 1988

Leo Mwalimu Kivuva ametuzuia kanisani nusu saa nzima baada ya baraka ya mwisho ili atueleze alichojifunza kwenye semina ya Machakos. Alichojifunza ni kuingia mtoni na viatu.

Sitanii. Mwalimu wa shule, mzee wa kanisa, baba wa watoto sita, alisimama mbele ya mimbari na jozi ya raba nyeupe mkononi. Mvua ikianza, alisema, kila Jumapili baada ya ibada tutashuka kivukoni, tushikane mikono, tutembee ndani ya maji tukiangalia miguu yetu. Mahali ambapo huioni raba yako tena, unasimama. Maji yakiwa kifundoni, mto ni mgonjwa. Yakiwa gotini, umepata nafuu. Yakiwa kiunoni, mto ni mzima. Amechora alama hizo kwa rangi nyekundu kwenye fimbo yake, kama fundi wa mbao.

"Na ukiwa mgonjwa, Mwalimu, tutaupeleka dispensari gani?" nikamuuliza.

Watu wakacheka. Kivuva naye akacheka, maana hana haya.

"Tutajua kwanza unaumwa wapi, Mama Wamucii."

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Mtu akikaa na watu kama hawa bila mahali pa kusemea, atapasuka. Mimi ni Bilha Waruguru, Mama Wamucii kwa watu wa hapa, mjane wa Thuo, mwenye duka la pekee hapa Mikuyuni lenye sakafu ya saruji. Tulitoka Murang'a mwaka wa Uhuru, na mpaka leo wananiita mgeni. Wanapenda kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina miaka ishirini na mitano hapa, bado mgeni, na majembe wananunua kwangu. Naandika Kiswahili kwa sababu mjukuu wangu wa Nairobi hajui Kikuyu, na mtu akifa wanaosoma vitu vyake ni wajukuu.

Jumanne, 18 Oktoba

Jua. Vumbi. Nimeagiza katoni mbili za raba nyeupe kutoka Kitui. Mjinga akitaka kulowa, kazi ya duka ni kumvisha.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nilishuka kisimani mwenyewe, mgongo ukilalamika. Kisima chetu ni shimo kwenye mchanga wa mto, pale kwenye kona, chini kidogo ya shamba langu. Kalondu, bibi kizee ambaye wote humwita Susu, yaani nyanya, alilichimba kwa mikono yake wakati wa ukame wa miaka minne iliyopita, na wajukuu zake wakalizungushia miiba ili mbuzi wasiingie. Ni kisima cha Kalondu, lakini nyumba thelathini zinateka. Sharti lake ni moja tu: ukitoka, rudisha tawi la mwiba mlangoni. Mimi huwa nalirudisha. Sitaki kuambiwa neno na mtu.

Nilimkuta Mbinya, mkamwana wake Kalondu, ameinama ndani ya shimo mpaka visigino tu ndivyo vilivyoonekana.

"Maji imerudi chini sana," alisema alipotoka. "Mwaka jana mafuriko ilileta udongo ikafunika mchanga. Tulitoboa huo udongo ndio tukapata. Hii mwaka ikileta ingine juu yake, hapa ni kwisha. Tutakuwa tunaenda ng'ambo ya kilima, masaa matatu."

"Udongo wa nani huo?" nikauliza.

Akaniangalia kidogo, kisha akaangalia mtungi wake. "Wa mto," akasema.

Jibu la Mikuyuni hilo. Hapa ukiuliza nyumba inaungua wapi, utaambiwa kwenye moto. Mimi najua udongo ni wa nani. Ni wa mbuzi wa Mbuvi. Mbuzi themanini wanashuka kwenye kingo kila siku wakibomoa ardhi kwa kwato zao, na Mbuvi mwenyewe yuko nyuma yao anapiga mluzi.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wako shambani kwa Mbinya tangu asubuhi, wanawake ishirini na wanaume watatu, wanachimba mitaro ya fanya juu. Wanachimba mfereji kukata mteremko, udongo wanautupa upande wa juu, na wanaimba! Hakuna askari, hakuna chifu aliyesimama na kiboko, na bado wanachimba. Niliwatazama kutoka kwenye baraza ya duka mpaka nikachoka kwa niaba yao.

Mbinya alikuja kununua chumvi, jasho likimtiririka, akaniuliza tena lini mwethya waje kwangu. Nikamjibu nilivyomjibu mwaka juzi: mtaro ni kazi ya mtumwa.

Na sitalifuta neno hilo. Mwaka wa 1947 nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Mama yangu alitolewa nyumbani asubuhi mbili kila wiki kwenda kuchimba mitaro ya serikali ya Mzungu, yeye na wanawake wote wa kilima chetu. Siku moja alichelewa kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Mtu wa chifu alimpiga mbele yetu mpaka jembe likamtoka mkononi. Niliapa siku ile kwamba hakuna mtu atakayenichimbisha mtaro, na kwangu mtaro hautachimbwa. Thuo alipofariki nilikata ile miti ya miiba yote mteremkoni, nikalima kwa ng'ombe kutoka juu mpaka chini, mistari imenyooka kama mistari ya daftari hili. Ukiwa mlangoni kwangu unaona shamba zima mpaka mtoni. Hakuna shamba jingine Mikuyuni linalopendeza hivyo.

Jumamosi, 29 Oktoba

Mvua! Imenyesha tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Mto umeshuka ukiunguruma. Mahindi yote nilikuwa nimeshapanda.

Jumapili, 30 Oktoba

Nimeuza raba zote za katoni ya kwanza. Wasiopata waliazimana: ndugu wawili wa familia moja walivaa mmoja kushoto, mwingine kulia.

Sikuingia majini. Nilikaa ukingoni na mwavuli wangu nikaangalia. Watu arobaini wamejipanga kivukoni, wameshikana mikono, wamekunja suruali na kufunga leso juu ya magoti, wanaimba pambio, vichwa vyote vimeinama kama vya kuku wanaotafuta punje. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mmoja baada ya mwingine: "Yangu imepotea!" "Yangu pia!" Maji yalikuwa kifundoni tu. Mekundu, mazito, kama chai iliyozidi majani. Kivuva alichomeka fimbo yake, akasoma, akaandika kwenye ubao wa shule kwa heshima kubwa: KIFUNDONI.

Ingetosha kumuuliza mtoto yeyote kama mto una matope. Lakini hapana, lazima watu wazima arobaini walowe. Na kichocho hakiogopi raba nyeupe.

Kalondu aliingia pekupeku. Ni mzee kuliko kanisa lenyewe, na hasikilizi masharti ya mtu. Aliteka maji kwa kiganja, akayasugua kwa vidole muda mrefu.

"Nikiwa msichana," alisema, "hapa ilikuwa unaona kucha zako na maji iko kifuani. Kivuva, Jumapili ile ingine tusiingilie hapa. Twende juu kidogo."

"Juu wapi, Susu?"

"Juu ya pale mbuzi ya Mbuvi inavukia. Tuone."

Nilifurahi sana. Angalau kuna mmoja mwenye akili kati yao.

Jumatano, 2 Novemba

Mvua. Kijikorongo kimejichora katikati ya mahindi yangu, kina kama cha kifundo. Nimekijaza mabua.

Ijumaa, 4 Novemba

Mbuvi alikuja kununua tumbaku. Nikamwambia Jumapili mambo yake yatajulikana. Akasema, "Sawa, Mama." Mtu ambaye hata aibu hajui inauzwa duka gani.

Jumapili, 6 Novemba

Siamini.

Waliingia mtoni juu ya kivuko cha mbuzi, mahali ambapo kwato hazijafika. Nilikuwa nimesimama ukingoni karibu na Mbuvi kusudi, nimwone uso. Hatua tatu, raba zimepotea. Kifundoni. Maji yaleyale mekundu yalikuja kutoka juu, yakampita Mbuvi na mbuzi zake bila kuwauliza.

"Si mbuzi," Kivuva akasema, akaandika.

Mbuvi alinivulia kofia. Nimerudi nyumbani nikafunga duka mapema.

Jumanne, 8 Novemba

Nimefikiria vizuri. Kama si Mbuvi, basi ni Kivuva mwenyewe. Ana shimo la matofali kwenye ukingo, juu kidogo ya kivuko cha mbuzi, na udongo umelundikana pale kama kaburi la tembo. Ndiyo maana anakimbizana na raba na fimbo. Mwizi ndiye huwa wa kwanza kupiga kelele za mwizi. Sitasema kitu. Nitangoja.

Jumamosi, 12 Novemba

Mvua kubwa. Mabua yamechukuliwa. Korongo limefika katikati ya muundi wangu. Nimeweka mawe.

Jumapili, 13 Novemba

Leo walikuwa watu sitini, wengine kutoka Zombe, wamesikia habari. Mama mmoja alikuja na raba za mwanawe, vidole vimetoka nje. Kivuva aliomba dua ndefu kuhusu maji ya uzima, kisha akatangaza bila kupepesa jicho: "Leo tunapima juu ya shimo langu la matofali. Ikiwa ni mimi, mniambie mbele ya watu wote, na nitalifukia."

Nikajiambia, kiburi hicho kitamtokea puani.

Kifundoni. Juu ya shimo lake maji ni mekundu vilevile.

Alifurahi, lakini si kama mtu aliyeshinda. Alimwangalia Kalondu. Kalondu akaangalia mbele, upande wa kona. Mbinya akainama akafunga kamba ya raba ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Watu hawa wana tabia ya kunyamaza wote pamoja, kama wamepigiwa kengele. Inaniudhi kuliko kelele.

Alhamisi, 17 Novemba

Jua. Palizi.

Jumapili, 20 Novemba

Hawakuingia, mto ulikuwa umejaa. Waliimba ukingoni wakarudi. Kwa mara ya kwanza wamefanya jambo la maana.

Ijumaa, 25 Novemba

Mbinya alileta maziwa. Alisimama mlangoni akaliangalia shamba langu muda mrefu mpaka maziwa yakaanza kuchuruzika kwenye kifuniko.

"Mahindi yako imetoka mzuri," akasema.

"Nayaona," nikasema.

"Hiyo laini ya maji katikati..."

"Nimeweka mawe."

"Ee," akasema, akaenda zake. Ana miaka thelathini na mitano, shamba lake limejaa mabonde na matuta kama uso wa mzee, halafu anakuja kukagua langu.

Jumapili, 27 Novemba

Wamepima chini kidogo tu ya kona, hatua hamsini kutoka kisimani. Kifundoni. Sasa kumebaki kona yenyewe na huko juu kabisa, kwa wale wachoma makaa wa mlimani. Nilisema mbele ya wote kwamba ni wao, na kwamba tungewafuata tangu mwanzo tusingelowesha viatu bure.

"Hukulowesha chako hata siku moja, Mama Wamucii," Kalondu alisema. Watu wakacheka, nami nikacheka, ila nilikereka.

Alhamisi, 1 Desemba

Ngoja niandike pole pole.

Saa tisa mchana mbingu ilishuka. Haikuwa mvua ya matone. Ilikuwa kama mtu anamwaga karai. Nilikuwa mlangoni kwa sababu bati lilipiga kelele nisiweze kukaa ndani. Maji yalikusanyika juu ya shamba, yakaanza kushuka katika mistari yangu, ile mistari iliyonyooka. Kila mstari ulikuwa mfereji wake. Yote yakakimbilia kwenye korongo. Mawe yangu niliyaona yakiruka kama viazi. Kisha kingo za korongo zikaanza kuanguka, kipande hiki, kipande kile, na mahindi yakiwa yamesimama juu yake, yanashuka wima kabisa kuelekea mtoni. Nilipiga kelele. Sijui nilimpigia nani.

Mvua ilipokatika nilishuka kwa fimbo. Korongo sasa linanifika kiunoni. Huko chini kwenye kona nikamkuta Kalondu amekaa juu ya jiwe, amelowa, shuka imemgandia mgongoni. Mbinya alikuwa amesimama mahali pa kisima. Nasema mahali, kwa sababu kisima hakipo. Ua wa miiba umezikwa mpaka ncha. Pamejaa udongo laini, mwekundu, unang'aa, na mashina mawili ya mahindi yamelala juu yake.

"Pole, Susu," nikamwambia. "Hawa wachoma makaa wafungwe."

Mbinya aliokota shina moja la mahindi, akalitazama, akalirusha mtoni.

Ijumaa, 2 Desemba

Leo nimepata maji debe moja. Mtu aliyenichotea alitoka alfajiri, akarudi saa sita. Nimeoga kwa kikombe.

Jumapili, 4 Desemba

Jana Kalondu alituma neno: "Kesho Mama Wamucii aje na viatu." Nikaona ni sawa. Mhalifu akipatikana, mtu wa kuaminika lazima awepo. Nilifungua jozi ya mwisho ya katoni ya pili, namba yangu, nikavaa na soksi.

Mto ulikuwa umepungua. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, lakini hakuna aliyeimba. Tuliipita ile kona, tukapita mdomo wa korongo langu ambalo lilikuwa bado linatiririka kidogo, tukasimama hatua kama kumi juu yake. Kivuva alinishika mkono wa kulia, Mbinya wa kushoto.

Tuliingia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kama wengine. Ukishaingia huwezi kufanya vingine. Maji yakaja kwenye kifundo na raba zangu zilikuwa hapo, nyeupe. Yakaja kwenye muundi, ziko. Nikaona mchanga kati yake, nikaona jani limekwama kwenye kamba. Yalipofika gotini nilikuwa bado naziona. Na maji hayo safi yalikuwa yanatoka kwa wachoma makaa.

"Gotini," Kivuva akasema. Safari hii hakuandika.

Kisha mstari wote ukaanza kushuka na mkondo, taratibu, tukiwa bado tumeshikana. Hatua moja. Hatua mbili. Raba zangu mbele yangu. Tukafika mdomo wa korongo. Mshipi mwekundu wa maji ukaingia kutoka kulia, kutoka kwangu, ukapita mbele ya miguu yangu. Hatua nyingine, na miguu ikaondoka. Ilikuwapo, haipo. Niliinua mmoja mpaka karibu utoke nje ya maji ndipo nikauona.

Hakuna aliyesema "yangu imepotea". Watu zaidi ya sitini na hakuna aliyesema. Kivuva alikuwa anaangalia mlima. Mbuvi alivua kofia, na safari hii haikuwa kunidhihaki. Ningependelea wacheke. Ningependelea mtu mmoja anitukane kwa mdomo mpana.

Niliutoa mkono wangu kwa Mbinya, nikatoka majini, nikapanda kupitia shamba langu mwenyewe. Raba zilikuwa nyekundu mpaka kamba.

Jumatatu, 5 Desemba

Sikufungua duka.

Jumanne, 6 Desemba

Wanafiki wakubwa! Walijua. Mbinya alijua pale kisimani, alipoangalia mtungi wake. Kalondu alijua tangu siku ya kwanza aliposugua yale maji kwa vidole. Mashamba yao yote ni kijivu na mchanga, na kilima chekundu ni kimoja tu, nami ninalala juu yake. Wakakokota watu sitini mtoni mwezi mzima, na nyimbo, na dua, na fimbo ya rangi, na mimi nikawauzia viatu! Kumbe wangekuja tu mlangoni, waseme sentensi moja.

Nimesoma daftari hili kuanzia mwanzo. Sijawahi kukutana na mwanamke mjinga kama huyu anayeliandika. Kifundo, muundi, kiuno: alikuwa anapima korongo lake mwenyewe kila wiki na hakujua anapima nini.

Jumatano, 7 Desemba

Nilikwenda kwa Kalondu. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuinuka, ila alinisukumia kigoda kwa mguu.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikamuuliza.

"Tulikuambia. Mwaka juzi. Mbinya alikuja, ukamwambia hiyo kazi ni ya mtumwa. Alirudi hapa akalia."

Sikujua kwamba alilia.

"Mngenijia tena."

"Mwezi wa kumi alikuja tena. Ulimwambia nini?"

Neno lilelile la mtumwa.

"Wewe ni mjane," Kalondu akasema. "Ni mtu mkubwa, na ni mgeni wetu. Nikikuja nikuambie kisima yangu inakufa kwa sababu yako, utaniambia nini?"

"Ningekufukuza."

"Ee. Sasa ile siku Kivuva alikuja na hii mambo yake ya viatu, nikamwambia ni mzuri, tuanzie mbali, tupande pole pole. Macho ya Mama Wamucii mwenyewe ndiyo itamwambia." Alipuliza makapi. "Mama Wamucii, mimi niko na miaka themanini. Ulifikiria tunapenda kulowa?"

Nilimweleza habari za mama yangu. Sijawahi kumweleza mtu yeyote hapa, hata mchungaji. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa magotini.

"Hata sisi tulipigwa," akasema. "Mimi nilipigwa huu mguu. Ile mtaro ya Mzungu tuliiacha ikafa. Hii ingine ni yetu."

Nikamuuliza mtu akitaka mwethya anafanyaje.

"Anaomba. Nyumba kwa nyumba, na mdomo yake. Halafu anapika."

Ijumaa, 9 Desemba

Nyumba thelathini. Nimezungukia zote. Kwa Mbuvi nilianza kusema habari za mbuzi wake, akanikatiza: "Siku gani, Mama?" Kwa Mbinya nilikaa muda mrefu. Nilimwomba msamaha kwa neno lile la mwaka juzi. Alisema limepita. Halijapita, lakini alisema.

Jumatano, 14 Desemba

Walianza kukichimbua kisima jana. Nimewapelekea majembe mapya kumi kutoka dukani. Wamefika kina cha mtu mmoja. Bado ni udongo mtupu.

Ijumaa, 16 Desemba

Nimepika muthokoi kwa mara ya kwanza maishani. Miaka ishirini na mitano nimekisema vibaya chakula hiki, mahindi yaliyokobolewa kinuni kana kwamba watu wamekosa kazi. Kukoboa kumenitoa ngozi ya viganja. Maharagwe yamekuwa magumu. Watakula hivyo hivyo.

Jumamosi, 17 Desemba

Walikuja saa moja asubuhi. Niliwasikia kabla ya kuwaona, wanaimba vibaya kama kawaida. Yule wa sauti ya juu hajawahi kufika mahali anapokwenda. Lakini walitokea chini, upande wa mto, wakipanda kupitia korongo langu, na kila mmoja alikuwa na mzigo. Vyondo, vile vikapu vyao vya kusuka, mgongoni, makarai kichwani. Mbuvi alikuwa na gunia.

Ulikuwa udongo, ule mwekundu waliouchimba kisimani. Walipanda nao mpaka juu, mmoja baada ya mwingine, wakaumwaga shambani kwangu.

"Mama Wamucii, mali yako," alisema wa kwanza, na kila aliyefuata akasema vivyo hivyo, wengine wakicheka. Kivuva alisema kwa Kiswahili cha shule: "Tunakurejeshea kilicho chako." Nilisimama pale na sufuria ya chai bila kujua pa kuuweka uso wangu. Wa mwisho alikuwa Kalondu, na chondo kidogo kama cha mtoto. Alikipindua, udongo ukaanguka kama konzi mbili.

"Maji imeanza kutoka," akaniambia. "Kidogo. Ni ya matope, lakini ni maji."

Hapo nililia. Sikujificha.

Kivuva na Mbinya walinyoosha kamba kukata mteremko, wakaning'iniza leveli, kile kipimo cha usawa cha fundi, katikati, wakapigilia vigingi. Mimi nilianza kugawa vikombe. Kalondu akapita, akanitoa sufuria mkononi, akaingia dukani kwangu bila kubisha. Alitoka na jembe jipya, karatasi bado imebandikwa kwenye mpini, akaniwekea mkononi. Katika duka lile nimeuza majembe mengi kuliko watu wa Mikuyuni, na hakuna aliyewahi kunipa moja.

Nilipewa hatua kumi, kama kila mtu. Udongo unautupa juu, si chini; nilikosea mara mbili. Nilimfikiria mama. Jembe lilipoingia ardhini nilingoja kusikia ile hasira, na ilikuja, lakini hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Pembeni yangu kulikuwa na Mbuvi tu, anapiga mluzi.

Muthokoi ulikuwa mgumu. Waliumaliza.

Jioni Mbinya alipita akikagua mitaro yote, mikono nyuma. Alipofika kwenye kipande changu alisimama, akakiangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaangalia upande wa mto.

"Mbinya," nikamwambia. "Sema."

"Si kitu, Mama."

"Sema."

Akaniangalia usoni.

"Imepinda," akasema. "Hapa, na hapa. Maji itapitia."

Nikachukua jembe nikakirudia.